Namna ya kuongea na mgonjwa wa mgongo mpaka akuamini: mwongozo kwa klinik za kairopraktiki hapa Dar

Naandika hii kwa wenzangu wa klinik za kairopraktiki, sisi ambao mtaani wanatuita "wanyoosha migongo", ila hata kama wewe ni fizio au unakanda watu nyumbani kwako mengi humu yatakufaa. Mimi nakaa mapokezi, napokea simu, nashika hela, ndo namuona mgonjwa akiingia na ndo naiona sura yake akitoka, na ukikaa pale muda wa kutosha unagundua kwamba wengi wanaotukimbia hawakimbii mkono wa dokta, wanakimbia maneno. Kaambiwa kitu kikamtisha, au kaahidiwa kitu hakikutokea, au hakuambiwa chochote akabaki anajiuliza njia nzima mpaka Gongo la Mboto.

Afu kumbuka huyu mtu katoka wapi. Mpaka anafika kwako keshameza diklopa za duka la dawa mpaka tumbo linawaka, keshakandwa na bibi wa mtaa wa pili, wengine washachanjwa chale, washaombewa, washapiga eksirei ambayo hakuna aliyewaeleza ina nini, halafu siku moja shemeji kamtumia video ya mtu anageuzwa shingo inalia ka! akainuka anacheka. Kwa hiyo anakuja na tumaini kubwa na woga mkubwa kwa pamoja. Usipoviongelea vyote viwili mapema hata ukimsaidia kweli hatakuamini.

Hatua ya 1: Simu ya kwanza

Mtu akipiga kuuliza bei, taja bei. Hii ya "njoo kwanza dokta akuone ndo utaambiwa" watu wa Dar washaielewa, wanajua wakifika watabanwa. Sema siku ya kwanza ni kiasi gani na ndani yake kuna nini, siku zinazofuata ni kiasi gani, mnachukua bima au hamchukui, na inachukua muda gani. Kama hamchukui bima sema "hatuchukui bima mama, ni keshi au lipa namba", basi, asije akatoa kadi mbele za watu akaaibika.

Afu mwelekeze vizuri. Mtu anayeumwa kiuno akipanda daladala imejaa kasimama toka Mbagala, akashuka kituo sicho akatembea juani, hiyo hasira anakuja nayo kwako. Na kama mpo ghorofa ya tatu na lifti haifanyi kazi, mwambie kwenye simu! Nimeshaona mzee kafika chini ya jengo akaangalia ngazi akageuza, na mimi ningegeuza. Mwambie pia avae nguo ambayo anaweza kuinama nayo, suruali laini au dera, na anayevaa buibui asiogope, hakuna wa kumvua.

Kitu cha kutosema kwenye simu: "utapona". Sema "dokta atakuangalia, kama ni kitu tunachokiweza atakwambia, na kama sio chetu atakwambia pia uende wapi."

Hatua ya 2: Mapokezi

Hapa ni fupi lakini wengi wanapakosea. Salamu kwanza, shikamoo kwa mkubwa, pole na foleni, ndo makaratasi yafuate. Ondoa lile sofa la kuzama, mgonjwa wa kiuno akikaa pale kunyanyuka ni kazi mpaka ashikwe mkono, weka viti vya mbao au plastiki ngumu vyenye pa kushikia. Fomu iwe ya Kiswahili. Na usimuulize mtu akiwa kaunta "unasumbuliwa na nini?" wakati nyuma yake kuna watu wanne wanasikiliza, yale ni ya ndani. Mtu mzima ukimuona anaishika fomu mbali au anaigeuza geuza, mwambie "mzee tuijaze wote, mimi naandika wewe unanitajia", usimuulize kama anajua kusoma.

Hatua ya 3: Muache aongee

Mwaka 1984 kuna utafiti ulitoka Marekani, walirekodi madaktari na wagonjwa wao wakakuta kwa wastani daktari anamkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Sekunde 18 hapa kwetu mtu hajamaliza hata "kwanza dokta nikwambie ilivyoanza". Na Mswahili haanzi na maumivu, anaanza na siku ile alikuwa anatoka msibani Kibiti, gari likaharibika, wakasukuma. Ukimkatiza hapo umekosa habari yenyewe, maana kusukuma gari ndo jibu lako.

Kuna mazungumzo ya aina hii nayasikia mara kwa mara mlango ukiwa wazi kabla dokta hajaufunga:

"Shikamoo mama. Pole sana, karibu. Hebu niambie toka mwanzo, sina haraka."
"Marahaba baba. Mimi figo zangu mbovu."
"Pole mama. Nani alikwambia ni figo?"
"Aa, si kiuno kinaniuma? Kiuno si ndo figo?"

Sasa hapo kuna dokta atacheka, au ataanza lekcha ya figo ziko wapi. Usicheke. Hapa mjini kiuno kikiuma mwanamke anajua ni figo au UTI, mwanaume anajua ni ngiri, na kuna watu wamemeza dawa za ngiri miaka. Huyo mama kuna mtu alimwambia, pengine kuna ndugu yake alikufa kwa figo, na usiku halali kwa sababu hiyo. Muulize: "mama, unaogopa inaweza kuwa nini?" Kwangu mimi hili ndo swali kubwa kuliko yote humu ndani, maana mtu akishataja anachokiogopa, maelezo yako yote yanakuwa na pa kutua. Afu muulize ya figo kiukweli, mkojo ukoje, unauma, una damu, kuna homa, na kama kuna wasiwasi akapimwe kweli. Kama hakuna mwambie kwa nini unadhani sio figo.

Muulize na kazi yake kwa undani. "Nafanya biashara" haitoshi. Mama ntilie anainama kwenye jiko la chini toka saa kumi alfajiri, dereva wa daladala anakaa kwenye kiti kilichobonyea siku nzima, mpagazi wa Kariakoo anabeba marobota, binti wa ofisini Posta amekunja shingo kwenye laptop afu saa mbili kwenye Mwendokasi amesimama. Wote wanasema "kiuno" au "shingo" lakini sio ugonjwa mmoja.

Na kuna hili la wazee wanaoletwa. Kijana kamtoa baba yake Rufiji au Tanga, yeye ndo analipa, kwa hiyo yeye ndo anaongea, na dokta anajikuta anamjibu yeye, mzee kakaa pembeni anaongelewa. Geukia kwa mzee. "Mzee wangu, kijana ameshanieleza, sasa nataka nikusikie wewe mwenyewe." Kijana hatanuna, atafurahi baba yake kaheshimiwa, na mzee mara nyingi atasema kitu ambacho mtoto hajui, kama kwamba alianguka na hakumwambia mtu.

Hatua ya 4: Uliza ya hatari, na ujue kusema "hii sio yangu"

Kuna maswali lazima uyaulize kila mgonjwa mpya hata kama yana aibu, na uyaulize kwa Kiswahili kinachoeleweka sio cha kitabuni. Je haja ndogo au kubwa inakutoka bila kujijua, au mkojo umegoma kutoka? Kuna ganzi sehemu za siri, pale unapokalia? Mguu unaishiwa nguvu, ndala inakuvuka bila kujua? Maumivu yanakuamsha usiku hata ukiwa umelala tulivu? Umepungua, nguo zinakupwaya? Homa za jioni, jasho la usiku, kikohozi cha muda mrefu? Umewahi kutibiwa saratani? Umeanguka, bodaboda? Unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi?

Hilo la kikohozi na jasho wengine wanaliruka. Kifua kikuu kinaingia mpaka kwenye pingili za mgongo, na nchi yetu TB ipo, sasa ukalaze mtu mwenye pingili iliyoliwa na TB umbonyeze, utamlemaza. Na huyo wa mkojo na ganzi ya sehemu za siri ni dharura, hapangiwi kesho, anaenda hospitali leo leo, MOI (taasisi ya mifupa) pale Muhimbili au hospitali kubwa iliyo karibu naye.

Kumrudisha kuna namna yake. Usiseme tu "nenda hospitali" ukamrudishia nusu ya hela. Mwandikie barua fupi inayosema umekuta nini na unaogopa nini, mueleze kwa nini hujamgusa, na mpigie kesho yake kuuliza amefikia wapi. Wengi wanaogopa wakirudisha mgonjwa wataonekana hawajui kazi, kumbe yule unayemrudisha vizuri ndo anakutangaza mpaka kwenye vikoba, "yule hakunilia hela, aliniambia nikimbie hospitali."

Hatua ya 5: Mueleze ulichokiona bila kumtisha

Maneno kama "pingili imehama", "mgongo umeoza", "mifupa inasagana", "usipotibu utapooza" yanauza, hilo siwezi kukataa, mtu akitishwa analipa. Lakini yakishaingia kichwani hayatoki. Anaacha kuinama, anaacha kubeba mtoto, anaacha swala ya kusujudu anakaa kwenye kiti, mgongo unazidi kukakamaa kwa kutotumika, na anarudi kwako kila wiki ana hofu. Hiyo sio imani.

Mtu akikuletea picha ya MRI imeandikwa diski (ule mto laini kati ya pingili na pingili) imetokeza, mpe picha nzima. Kuna mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 yaliyokusanya picha za migongo ya watu ambao hawaumwi chochote, wakakuta diski zilizochakaa kwa 37% ya watu wa miaka 20, na kwa watu wa miaka 80 zinafika 96%. Diski kutokeza ilikuwa 30% kwa vijana wa miaka 20. Watu hawana maumivu hata kidogo! Kwa hiyo unaweza kumwambia hivi: "hii iliyoandikwa hapa inaweza kuwa inahusika na maumivu yako, inaweza isihusike, ni kama mvi, wengi wanazo na haziumi, ngoja tuangalie mwili wako wenyewe unafanyaje."

Na ule mlio. Muelezee kabla, maana mtu akisikia ka! bila kuambiwa anadhani kitu kimevunjika au mfupa umerudi mahali pake. Ni gesi iliyo kwenye majimaji ya kiungo, hamna mfupa uliotoka wala kurudi. Na usipolia haimaanishi kazi haijafanyika, kuna wagonjwa wanadai hela yao kwa sababu "leo haijalia".

Kuhusu kutibu kila kitu, hapa naomba tuambizane ukweli. Kairopraktiki ilianza 1895 kule Davenport, Iowa, Marekani, bwana mmoja D. D. Palmer alimgusa mgongo mfagizi aliyekuwa hasikii vizuri, Harvey Lillard, akasema kamrudishia kusikia, na toka hapo kukawa na watu wa fani hii wanaodai karibu kila ugonjwa unatoka kwenye pingili. Mpaka leo utaona bango mjini mtu ananyoosha mgongo anatibu presha, kisukari, nguvu za kiume na ugumba. Mgonjwa wa kisukari akiacha dawa zake kwa sababu yako, hiyo ni roho ya mtu. Unachoweza kusimama nacho ni hiki: Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno, na katika vitu lilivyopendekeza kuna elimu kwa mgonjwa, mazoezi, masaji na hii tiba ya mikono ya kunyoosha mgongo. Kimojawapo kati ya vingi, sio dawa ya yote. Mwongozo huo huo umesema mikanda ya kiuno isitolewe kwa mazoea, na najua klinik nyingi zinauza mikanda. Basi jua mgonjwa wako ana simu, atakuja kusoma siku moja.

Hatua ya 6: Ruhusa kabla ya mkono

Sema unachotaka kufanya, onyesha kwenye mwili wako mwenyewe, uliza, ndo uguse. "Dada nitasimama nyuma yako, mkono mmoja hapa begani, mwingine hapa chini kiunoni, nitakusukuma kidogo kwa haraka, kuna mlio unaweza kusikia. Tuendelee?" Kisha mkubaliane alama ya kusimamisha, akiinua mkono unaacha hapo hapo, hata kama ulikuwa katikati.

Mgonjwa mwanamke na dokta mwanaume: uliza kabla kama anataka mtu wake awepo ndani, au dada wa klinik. Waulize wote, usichague kwa kuangalia nani kavaa hijabu, kuna mabinti wa jinzi wanaona aibu kuliko hao. Kanga safi ya kujifunika iwepo kila kitanda. Na mume akisema anataka kuingia, muulize mke pembeni kwanza yeye anatakaje.

Shingo iwe na mazungumzo yake peke yake. Sema wazi kwamba madhara makubwa ni nadra lakini yapo, mshipa wa damu wa shingoni unaweza kuchanika na kuleta kiharusi, na kwamba kuna njia nyingine za kusaidia shingo bila kuigeuza kwa haraka. Akikataa, amekataa, usimbembeleze. Mwambie pia madogo ya kawaida: leo na kesho anaweza kujisikia kachoka au misuli kuuma, kawaida inaisha ndani ya siku moja mbili. Usipomwambia hili, saa nne usiku anakupigia "dokta umenivunja". Ukiwa ulimwambia, anasema tu "aah, alisema". Ila akipata kizunguzungu kikali, kuona mbili mbili, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza au kichwa kupasuka ghafla, asikusubiri wewe, hospitali.

Hatua ya 7: Hela na pakeji

Pakeji za kulipia mara 30 mbele siku ya kwanza, mimi sizipendi na nasema hivyo hata ofisini. Utajuaje siku ya kwanza kwamba anahitaji mara 30? Panga mara chache, halafu kaeni tena muangalie: anainama zaidi? analala usiku? amerudi kazini? Kama wiki kadhaa zimepita hakuna kilichobadilika mwambie wewe mwenyewe kabla yeye hajakwambia, na umpeleke kwa mwingine. Kama bado mnauza pakeji, andikeni kabisa akiacha katikati anarudishiwa kiasi gani na kwa siku ngapi. Risiti ya EFD mpe bila kuombwa.

Hatua ya 8: Ya kufanya nyumbani

Mazoezi matatu yanayofanyika ni bora kuliko kumi ya kwenye karatasi. Usimuulize "umeelewa?", kila mtu anasema ndiyo kwa heshima. Mwambie "hebu nionyeshe utafanyaje nyumbani" na ukikuta kakosea useme "sijakueleza vizuri, tuanze tena." Na yaendane na maisha yake, huyu anachota maji kwa ndoo ya lita 20, choo cha kuchuchumaa, analala godoro la chini na watoto wawili, usimpe zoezi la mpira mkubwa wa jimu. Mfundishe kubeba ile ndoo. Kwa ambaye kusoma sio kwake mtumie voisi ya dakika moja WhatsApp, ataisikiliza na bibi yake pia ataisikiliza.

Hatua ya 9: Video na siri

Najua video za mlio zinaleta wateja. Lakini usimuombe mtu ruhusa ya kurekodi akiwa kalala kifudifudi kitandani, pale hawezi kukataa. Muombe akiwa amekaa, kavaa, kwa karatasi tofauti na ile ya matibabu, na ajue akikataa bei ni ile ile na huduma ni ile ile. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zipo kwenye zile nyeti. Hii inagusa mpaka lile grupu la WhatsApp la wafanyakazi mnamotupia picha za MRI na jina la mgonjwa linaonekana juu kabisa. Na akibadili mawazo baada ya mwezi, video ishuke siku hiyo hiyo.

Hatua ya 10: Lalamiko, na wanaopotea

Mtu akija na lalamiko mtoe pale kaunta, mpe kiti na maji, amalize yote, ndo useme pole. Usianze na "lakini wewe mazoezi hukufanya". Dokta aitwe aje mwenyewe, asijifiche ndani akamtuma wa mapokezi kama mimi kupigana vita yake.

Na wale waliopotea katikati ya ratiba, wapigie, sio meseji ya ofa. Maneno yawe haya haya mepesi: "Habari za siku nyingi mama, ni mimi wa klinik ya mgongo. Sikupigii uje, napiga kujua unaendeleaje." Afu nyamaza. Kuna atakayesema amepona, kuna atakayesema hela imekata mpaka mwisho wa mwezi, na kuna atakayevuta pumzi akuambie kwamba siku ile ya mwisho dokta alikuwa anaongea na simu huku anamkanda. Hilo la mwisho liandike kwenye daftari na limfikie dokta siku hiyo hiyo, kwa maneno yake huyo mama, bila kulipunguza.